Jasho la Kontena

Kwenye bima ya shehena, ukurasa wa tatu,
kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa,
kuna orodha ya yasiyolipwa:
ufungaji hafifu, meli kuchelewa,
kutu, vita, kasoro ya asili ya bidhaa,
na hili, ambalo hunisimamisha kila mara:
jasho la kontena.

Nimeyapiga chapa maneno hayo miaka kumi na mmoja
ghorofa ya pili, Shimanzi,
jiwe la mizani likizikalia ankara zisiruke na feni.
Najua chuma kikitoka baridi kikaingia joto
hutokwa na maji kwa ndani, darini,
kikadondosha tone, tone,
juu ya mali isiyo yake.
Hiyo si bahari, husema kampuni.
Bahari tunailipa. Jasho, la.

Bi Umazi alikuja kutoka Mariakani na kikapu,
karatasi zote humo, zimefungwa kwa leso:
hati ya shehena, nakala tatu,
ankara ya Guangzhou, orodha ya vifurushi,
cheti cha bima chenye muhuri uliochuja.
Cherehani arubaini, za shule ya ushonaji,
nusu mkopo wa chama, nusu shamba la marehemu.
Alinyoosha kila karatasi kwa kiganja
kama anayepiga pasi sare ya mtoto.

Tatizo lilikuwa la mstari mmoja.
Ndurya, dereva, foleni ikimchoma getini,
alitia sahihi chini ya *imepokewa salama*
kabla ya lakiri kukatwa.
Sahihi yenyewe mkwaruzo tu, kama kuku kapita.
Kampuni iliishika kwa mikono miwili.

Saa nane mchana tukasimama godauni, watu wanne,
bati likialika juu yetu.
Mkaguzi, Bwana Mwakireti, ana kichupa cha dawa ya fedha,
kidogo, mtu angedhani cha wanja.
Tone likikutana na chumvi hugeuka maziwa:
basi ni bahari, basi kuna la kuzungumza.
Likibaki kama lilivyo
ni mvua, au ni jasho la chuma,
na kila mtu arudi kwao.

Boksi la kwanza: kimya.
La pili: kimya.
La tatu Bi Umazi alilikumbatia mwenyewe
alivute mwangani, asingoje mpagazi,
leso imemteleza, uso unamchuruzika.
Alipojitoa, kadibodi ilibaki na shavu lake.
Mwakireti akadondosha papo hapo.

Maziwa.

Hakuna aliyesema neno.
Ndurya alitazama viatu vyake.
Mwakireti akafunga kichupa,
akazungusha kifuniko mara nyingi kuliko kilivyotaka,
kisha akaniambia, macho yakiwa mlangoni:
Andika.

Fomu ina nafasi ya upana wa vidole viwili:
*Chanzo cha maji.*
Kalamu ilikuwa yangu.
Nikaifikiria chumvi, ambayo haina anwani,
haisemi imetoka bahari gani
au paji la uso wa nani.
Nikaandika kilichoonekana, na hapo sikudanganya hata herufi:
*Chumvi imepatikana.*
Ni ya nani, fomu haikuuliza.

Barua ya kampuni ilikuja baada ya wiki tisa.
Ilivyosema sitakuambia; imo ndani ya faili,
na faili lina mwenyewe.
Ila siku hizi nikifika ukurasa wa tatu
kidole husita juu ya neno lile,
umeme umekatika, feni imesimama,
saa saba ya Mombasa imejaa chumba,
najilamba mdomo wa juu.

Chumvi.